Spika ya Bluetooth na redio ya gari: mbona hazisikizani?

Kijana mmoja wa Probox alisimama juzi mbele ya kibanda changu hapa Kondele, Kisumu, spika mpya mkononi, nailoni bado haijatolewa. Spika za milango ya gari lake zilikufa zamani, na zile za nyuma huongea zikipenda. Akaona badala ya kung'oa milango, afadhali anunue spika ya kubeba, aiweke juu ya dashibodi, aiunganishe na redio kwa Bluetooth, mambo yaishe.

"Fundi, redio inaona simu yangu. Spika pia inaona simu yangu. Lakini zenyewe kwa zenyewe hazisikizani."

Alikuwa ameeleza shida yake vizuri kuliko alivyodhani. Hakuna kilichokuwa kimeharibika, na hata kama angerudisha spika dukani apewe nyingine, hali ingekuwa ile ile. Hili ndilo tatizo ninaloletewa kuliko yote, kwa hiyo nianze nalo.

Redio haiioni spika kabisa

Muziki wa Bluetooth husafiri upande mmoja tu. Upande mmoja kuna kifaa kinachotoa, upande wa pili kuna kinachopokea. Mdomo na sikio. Simu ni mdomo. Spika ni sikio. Sasa redio ya gari, pamoja na kelele zake zote, kwa Bluetooth imeundwa iwe sikio: inakaa ikingoja simu iipe wimbo. Ukiyaweka masikio mawili chumba kimoja yatakesha yakingojana.

Namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi haisaidii. Iwe 4.2, iwe 5.0, iwe 5.3, sikio ni sikio. Vilevile ile mitindo ya kuunganisha spika nyingi za kampuni moja, kama PartyBoost ya JBL, ni lugha ya nyumbani kwao. Redio ya gari haiijui. Hata spika za JBL za zamani zenye Connect+ haziwezi kuungana kwa njia hiyo na zenye PartyBoost, licha ya kuwa za ukoo mmoja.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Fungua menyu ya Bluetooth ya redio. Ikikuonyesha jina lake na namba ya siri tu, mara nyingi 0000 au 1234, hiyo ni sikio. Ikiwa kuna mahali pameandikwa BT OUT au TX, una bahati, redio yako inaweza kutoa sauti. Zile redio za kioo kikubwa za Android huwadanganya watu hapa: zina kitufe cha kutafuta vifaa, na wakati mwingine jina la spika linatokea, linaungana, kisha kimya. Nyingi Bluetooth yake imefungwa, inakubali simu na kile kifaa cha kusoma makosa ya injini, basi.

Swali ninalomuuliza mteja kabla sijashika bisibisi ni hili: unataka kusikiliza nini? Kama nyimbo ziko kwenye simu, achana na redio. Simu iongee na spika moja kwa moja. Kijana wa Probox alikuwa na nyimbo zake zote za ohangla kwenye simu. Nilimwambia asinilipe kitu, akaondoka akicheka mwenyewe. Lakini kama unataka mpira unaotangazwa redioni, au una flashi iliyojaa nyimbo na imechomekwa kwenye redio, hapo ni lazima redio ipewe mdomo.

Kebo imechomekwa pande zote mbili, na bado kimya

Wengi wakishindwa na Bluetooth hununua kebo ya AUX, ile ya kupitisha sauti kwa waya, wanachomeka upande mmoja kwenye uso wa redio na mwingine kwenye spika. Kimya tena, kwa sababu ile ile. Tundu la AUX lililo mbele ya redio ni la kuingiza sauti. La spika nalo ni la kuingiza. Umechukua masikio mawili ukayafunga kwa kamba.

Tundu la kutoa, likiwepo, liko nyuma ya redio. Chomoa redio utazame: ni vishimo vya RCA, chekundu na cheupe, vimeandikwa PRE OUT, au FRONT na REAR. Nunua kebo yenye vichwa viwili vya RCA upande mmoja na pini ya milimita 3.5 upande wa pili. Chomeka kwenye REAR au FRONT. Ukisikia mtikisiko tu, ngoma bila maneno, umechomeka kwenye SUB, ambako hutoka besi peke yake.

Hakikisha pia spika yako ina tundu la AUX kabla hujalipia kebo. Siku hizi nyingi hazina. JBL Flip 4 ilikuwa nalo, Flip 5 likaondolewa, na ile USB-C yake ni ya kuchaji, haipitishi muziki.

Redio nyingi zilizokuja na gari kutoka Japani hazina RCA. Hapo ndipo mtu anashawishika kukata waya za spika ya mlango na kuziunga na pini ya AUX. Usifanye hivyo. Katika redio za leo, waya zote mbili za spika zinasukumwa na amplifaya. Ule wenye mstari mweusi tunaouita hasi haujashikana na bodi ya gari hata kidogo. Ndani ya pini ya AUX, hasi ya kushoto na ya kulia hukutana. Ukiziunga umepiga shoti pande mbili za amplifaya, ya kushoto na ya kulia, kwa mpigo. Redio ikiwa na bahati itajizima na kuandika PROTECT. Ikikosa bahati, chipu ya amplifaya inaungua, na hiyo harufu ukishainusa mara moja hutaisahau.

Kinachotakiwa ni konvata: kiboksi kidogo, waya nne za spika zinaingia upande mmoja, RCA mbili zinatoka upande wa pili, sauti ikiwa imepunguzwa nguvu hadi kiasi cha spika ya kubeba. Mafundi wa redio wanakijua. Nimewahi kumwona mzee mmoja aliyekuwa amesokota waya hizo kwa mkono na kuzifunga kwa karatasi ya sigara. Sikumcheka mbele yake.

Transmita ina taa, spika ina taa, muziki hakuna

Hii ndiyo njia ya kuipa redio mdomo wa Bluetooth: transmita ndogo inayochukua sauti kutoka RCA au konvata na kuirusha hewani. Ukiona imewaka na haina sauti, tazama ubavuni. Nyingi zina kiswichi cha TX na RX. TX ni kutoa, RX ni kupokea. Ikija imewekwa RX, na ukiiacha hapo, umeongeza sikio la tatu.

Jambo la pili ni ndoa za zamani. Spika hukumbuka simu ya mwisho iliyoungana nayo na kuirukia kila inapowashwa. Ikiwa mtoto ameketi nyuma na simu yake, spika imeshachukuliwa kabla transmita haijaamka. Zima Bluetooth kwenye simu zote za garini. Shikilia kitufe cha Bluetooth cha spika hadi taa ipepese kwa kasi. Kisha washa transmita na uweke vifaa hivyo viwili vikiwa vimekaribiana. Transmita haina kioo cha kukuuliza unataka ipi. Huoana na yeyote wa kwanza inayemkuta. Ndiyo maana siifanyi kazi hii kando ya stendi. Niliwahi kuunganisha ya mteja hapa, na mama anayeuza mitumba ng'ambo ya barabara akaanza kupigiwa mahubiri ambayo hakuyaitisha.

Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta

Huu ndio ugonjwa ninaoupenda, maana unajieleza wenyewe. Gari likiwa limesimama unasikia "mmmm" nyembamba. Ukikanyaga mafuta inakuwa "iiiii". Ukiachilia, inashuka. Hiyo ni alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, inaimba ndani ya spika yako.

Fanya hivi kwa utaratibu huu. Kwanza zima injini, acha ufunguo kwenye ACC, pale redio inapowaka bila injini. Mlio ukiisha, ni alteneta kweli. Washa injini tena, kisha chomoa chaja ya spika kutoka kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Mlio ukiisha papo hapo, sababu ni kwamba spika imefika kwenye hasi ya betri kwa njia mbili, moja kupitia chaja, nyingine kupitia kebo ya AUX. Njia hizo mbili zinafanya mzunguko, na takataka za umeme wa alteneta zinapita humo kama maji kwenye mtaro.

Dawa ya bure ni kuchaji spika nyumbani na kuitumia kwa betri yake ukiwa njiani. Dawa ya kununua ni kitenganishi kinachowekwa katikati ya kebo ya sauti. Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo zinazopitisha muziki bila waya kugusana. Ile transmita ya RCA nayo huugua hivi hivi ikipewa umeme kutoka USB ya redio hiyo hiyo.

Mlio ukibaki hata chaja ikiwa imechomolewa, geukia hasi ya redio. Mara nyingi imefungwa kwenye boliti yenye rangi au kutu. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza upya. Na kama hakuna kebo ya sauti kabisa, simu inapiga spika kwa Bluetooth tu, na mlio upo wakati wa kuchaji, basi kosa ni la chaja. Itupe. Chaja ya bei ya soda ina ubora wa soda.

Sauti mbili, moja inaifuata nyingine

Umefaulu kuunganisha, spika za gari zinapiga, ya kubeba inapiga, lakini kila neno linarudiwa kama mtu anayeita bondeni. Bluetooth huchelewesha sauti, kwa kawaida kati ya sehemu ya kumi na robo ya sekunde, kwa sababu wimbo lazima ufungashwe, utumwe, ufunguliwe. Tuseme umechelewa kwa milisekunde 200. Kwa mwendo wa sauti hewani, ni kana kwamba spika iliyo mbele yako imewekwa karibu mita 70 kutoka hapo ulipoketi. Hakuna kitufe cha redio ya kawaida kitakachoondoa hilo. Ama uzime spika za gari, ama utumie kebo, ambayo haichelewi.

Kuna ujanja mwingine ambao wateja wangu wa kwenda pikiniki Dunga wanaupenda, nao unahitaji modyuleta, kile kidude cha kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara kinachorusha wimbo wa simu kwa FM. Wengi hukinunua wakidhani kitatoa sauti ya redio na kuipeleka kwenye spika. Hapana, kinaongea na redio. Lakini spika nyingi za bei nafuu zina FM ndani. Weka modyuleta kwenye masafa yaliyo wazi, weka redio ya gari hapo hapo, na spika nayo hapo hapo. Zote zinasikia mdomo mmoja kwa wakati mmoja na mwangwi unaisha. Chomeka kebo ya kuchajia kwenye spika hata kama haichaji, maana spika hizo mara nyingi huitumia kama antena. Usitarajie mbali, ni mita chache tu kuzunguka gari.

Modyuleta iko 98, redio inaishia 90

Magari yetu mengi yalianza maisha Japani, ambako FM ya redio za zamani ni 76 hadi 90 MHz. Sisi huku ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ambayo haijabadilishwa inakutana na yetu kwenye kipande kidogo tu, 87.5 hadi 90. Weka modyuleta humo, tuseme 88.3 kama hakuna kituo hapo, na redio uiweke 88.3. Itasikika bila kuongezewa chochote.

Kama gari limefungwa ekspanda, hesabu inabadilika. Ekspanda hukaa kwenye waya wa antena na kuyashusha masafa yote kwa kiasi kimoja ili redio iyafikie. Hivyo modyuleta inasema 98.0 nawe ukitafuta 98.0 hakuna, redio haifiki huko. Tafuta kituo unachokijua. Kikijitangaza kuwa 98.6 na redio yako inaonyesha 86.6, ekspanda inashusha 12. Basi modyuleta ya 98.0 itafute 86.0. Mtu akishajua tofauti yake anaiandika kwa kalamu ya wino kwenye dashibodi na hasumbuki tena.

Ukitoka Kisumu kupanda Kericho hadi Nakuru, masafa yaliyokuwa wazi huku yatamezwa na kituo cha huko. Hiyo siyo hitilafu. Simama, badilisha, endelea.

Inakatikakatika

Bluetooth hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na mwili wa binadamu, kwa kuwa umejaa maji, huyanywa. Simu kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, spika chini ya kiti, abiria watatu katikati: lazima ikatike. Ipandishe spika juu, simu iwe mbele. Kamera ya dashibodi yenye Wi-Fi inaweza kuwa inagombania hewa hiyo hiyo. Izime Wi-Fi yake dakika tano uone.

Tofautisha kukwaruza kwa muda mfupi na kusimama kabisa. Wimbo ukisimama kila kioo cha simu kinapozimika, hiyo ni simu inaokoa betri na kuiua programu ya muziki. Ondoa programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa. Na ikiwa ni spika inayozimika baada ya dakika 10 au 20 redio ikiwa kimya, imelala tu. Nyingi zimewekwa hivyo.

Simu ikipigwa muziki ukageuka kuwa wa debe, nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, gusa jina la spika, zima sehemu ya simu na uache ya muziki. Kwa redio ya gari fanya kinyume. Hivyo mazungumzo yatatoka garini na wimbo kwenye spika, na simu yako itakuwa imeungana na vyote viwili bila ugomvi.

Inapasuka ukiongeza sauti

Una bomba tatu zilizofuatana: sauti ya simu, ya redio, ya spika. Ukifungua ya kwanza hadi mwisho na redio ukaiongezea besi, na spika nayo ukaibonyezea besi, inayopasuka ni ya mwisho ila kosa ni la wote. Rudisha besi ya redio sifuri, chanzo kiwe robo tatu, kisha cheza na kitufe cha spika peke yake.

Haichaji, au inachaji na bado inakufa

USB ya redio nyingi hutoa ampea 0.5, yaani wati 2.5. Spika yenye betri ya 4,800 mAh ingehitaji saa saba hadi tisa hapo, nayo ikiwa imezimwa. Ikiwa inapiga kwa nguvu, inatumia kuliko inavyopewa, na itakufa ikiwa imechomekwa. Tumia chaja ya kiwashio ya ampea 2. Redio ikiandika NO FILE ulipochomeka spika, imedhani ni flashi, iache.

Kwa wenye basi la viti 33 au lori: umeme wenu kwa kawaida ni volti 24. Soma chaja. Ikiwa imeandikwa 12V tu, usiichomeke. Zenye 12–24V hazina shida.

Halafu kuna jua. Gari lililoegeshwa Kisumu saa nane mchana vioo vikiwa vimefungwa, dashibodi yake haishikiki. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45 za selsiasi, kwa hiyo spika nzuri hukataa chaji hadi ipoe. Iweke kivulini nusu saa kabla hujaniletea. Ikiwa mpira wa ubavuni umeanza kubonyea nje, au haisimami wima kama zamani, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiitoboe, ilaze nje mbali na nyumba mpaka fundi aibadilishe.

Kwa kazi zote hizi za nyuma ya redio utaambiwa kwanza uchomoe betri ya gari. Ni kweli, lakini ukiwa na redio ya Toyota yenye ramani, ngoja kidogo. Nyingi kati ya hizo umeme ukikatika hujifunga, zikaanza kuomba kadi ya ramani au namba ya kufungulia, kwa Kijapani. Tafuta kama kadi ya SD bado iko ndani ya tundu lake. Ikiwa haipo, mwambie fundi afanye kazi bila kugusa betri.